Mafundo Yakae Juu

Kibokoni, Mombasa
6 Mfunguo Nne 1328, ambayo kwa gavamenti ni Januari 1910

Kwa kakangu Abdulkadir, Unguja,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na wifi yangu Intisar. Sisi huku twapumua, ingawa kaskazi ya mwaka huu imekuja na joto la kuchemsha maji mtungini. Akil anaota meno. Nakuandikia nimempakata mkono mmoja, basi ukiona mstari umekwenda kombo ujue ni teke lake.

Kakangu, nina ombi. Tangu Baba afariki, chumba chake cha vitabu nakifungua kwa ajili ya kufukuza mchwa tu. Juma lililopita alikuja Bi Mona, yule aliyenifundisha kushona kofia. Wamkumbuka, kila mwezi alikuwa akija kuazima kitabu. Sasa macho yake yamekwisha, umebaki mwanga hafifu tu akikaa karibu na mlango. Akaniuliza, "Kile cha visa vya mji, alichokiandika babako kwa mkono wake, kipo?" Nikamwambia kipo. Akasema, "Basi nipe nikishike." Akakiweka mapajani, akakinusa, akapapasa karatasi moja baada ya moja kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Kisha akanirudishia, akajitanda buibui lake, akaenda zake.

Tangu siku hiyo sina raha. Wakumbuka Baba alivyokuwa? Mtu akibisha hodi, hata kabla hajamaliza kutaja kitabu anachokitaka, Baba alikuwa keshajibu kutoka ndani: "Kipo!" Mara nyingine hakikuwepo, akakaa siku tatu kukinakili ili asionekane mwongo.

Nataka kukifungua chumba miezi hii ya joto, baina ya adhuhuri na alasiri, mji unapolala. Niwasomee wasioona na wanaoona kwa taabu. Wanawake wakae ndani, wanaume wakae barazani chini ya dirisha, sauti itawafikia wote. Tena nataka kujaribu kuwashonea herufi za kushikika kwa vidole, wasome wenyewe. Mume wangu Amin hana neno, mradi akirudi kutoka Kilindini akute chakula chake.

Wasia wa Baba umekufanya wewe msimamizi wa vitabu, ndiyo maana nakuuliza wewe kwanza.

Nduguyo,
Afaf


Malindi, Unguja
17 Mfunguo Nne 1328

Kwa mdogo wangu Afaf,

Barua yako imefika na maneno yake nimeyasikia. Sisi wazima.

Ulichoomba hakitawezekana. Vitabu nimeshaviamulia. Yuko mwalimu huku Unguja mwenye wanafunzi arubaini, na makasha yote mawili yatakwenda kwake. Nimemwandikia Bwana Kingi, wakala wa meli huko Mombasa, ayachukue siku ya mwisho ya Mfunguo Tano. Ufunguo umpe yeye.

Asiye na macho hana haja na kitabu, Afaf. Kumwekea mapajani ni kumtesa. Mwache Bi Mona na tasbihi yake, nawe ulee watoto wako. Umechoka, nakujua.

Nduguyo,
Abdulkadir


Kibokoni, Mombasa
26 Mfunguo Nne 1328

Kakangu,

Salamu. Ni kweli nimechoka. Nimechoka tangu nilipomzaa Mariamu, na alipokuja Akil nikachoka upya. Lakini uchovu wangu haukuniziba masikio. Lile neno lako, kwamba asiye na macho hana haja na kitabu, sikumfikishia Bi Mona. Nimelikunja nikalificha, kama mtu anavyoficha nguo yenye doa.

Nitakwambia kweli: barua yako ilipofika nilikuwa nimeshafungua chumba. Nilifungua siku nne kabla. Unikasirikie kwa hilo, ni haki yako.

Siku ya kwanza walikuja watatu. Sasa wako saba, wanawake wanne na wanaume watatu. Nawasomea kitabu cha Baba cha visa vya mji. Nilipofika kile kisa cha mtu aliyehama nyumba kwa sababu ya jogoo wa jirani, walicheka mpaka Mariamu akaamka, na jirani wa nyumba ya pili akapiga ukuta kwa mchi.

Na herufi nimeshona. Sikiliza nilivyofanya, unicheke. Nilichukua bafta nzuri nyeupe, nikashona herufi zetu za Kiarabu, alifu mpaka ye, kwa uzi wa kofia, siku tatu, Akil akinyonya. Nilijikaza kama ninayeshona kofia ya bwana harusi. Unajua Bi Mona alivyonifunza: fundo hufichwa ndani, na kofia ikipinduliwa fundo likaonekana, mshonaji huchekwa mtaa mzima. Sikuacha hata fundo moja juu.

Nikampa. Akapapasa, akapapasa.

"Mwanangu, mbona kitupu?"

"Si kitupu, Bi Mona. Kimejaa herufi."

"Mato hayapo, lakini vidole n'navyo. Hapa pana bafta tu." Kisha akakipindua, upande wa aibu. Akaanza kucheka peke yake. "Ndizo hizi! Zimekaa huku nyuma na mafundo yake, tena zimenigeukia kama za kwenye kioo. Nani alokufunza kushona vizuri hivi?"

"Ni wewe."

"Basi nilikufunza vibaya. Fumua. Mafundo yakae juu."

Nimefumua zote, kakangu. Nashona upya kwa uzi mnene wa magodoro, kila nukta fundo, kila mkato wa herufi umeinuka kama kovu. Kitambaa kibaya kuliko vyote nilivyowahi kushona. Mkono wangu wenyewe wakataa, kila nikifika kwenye fundo unataka kulisukuma chini.

Nakuomba tena. Mwambie Bwana Kingi asije.

Afaf


Malindi, Unguja
5 Mfunguo Tano 1328

Kwa Afaf,

Nimepata habari kutoka kwa mtu aliyeshuka na meli, kwamba barazani kwa Baba wamepangwa vipofu kama siku ya sadaka, na wapitao wawatupia pesa. Baba hakuijenga baraza ile iwe ya ombaomba.

Kifunge chumba. Bwana Kingi atakuja siku niliyokwambia. Sina la kuongeza.

Abdulkadir


Kibokoni, Mombasa
14 Mfunguo Tano 1328

Kakangu,

Huyo aliyekupelekea habari alikuletea nusu, na mimi nakuletea nusu ya pili.

Yuko mmoja wa barazani aitwaye Musyoka, Mkamba, alikuwa kibarua wa reli. Jiwe lilipasuliwa kwa baruti huko upande wa Kilindini, likamtoa macho yote mawili. Hakupata kujua herufi hata alipokuwa na macho. Juzi alikuwa ameketi, kofia yake ameivua kwa joto ameiweka gotini, na mpita njia akaitupia pesa.

Musyoka akamwita, "Ndugu, umeangusha kitu chako. Kiokote kabla hakijapotea."

Yule mtu akaona haya. Akauliza, "Kwani mwafanya nini hapa?"

"Twasoma."

"Vipofu, mwasoma?" Akacheka.

"Wewe wajua kusoma?" Musyoka akamuuliza.

"La."

"Basi kaa tukusomee."

Nilisikia kwa ndani nikashindwa kuendelea na mstari. Yule mtu alikaa, wallahi, na jana alirudi.

Jumanne, herufi moja moja ameshazijua kwa vidole, nilimpitishia Musyoka kitambaa dirishani, neno moja tu. Alikaa nalo mpaka jasho likamtiririka puani. Akafuata mimu, akaifuata alifu, akakwama kwenye jimu, akarudi mwanzo. Bi Mona kwa ndani hakuvumilia: "Chini, baba, chini! Shuka tumboni mwake, kuna fundo!" Musyoka akashuka, akalipata fundo. Akasema polepole, "Ma... ji. Maji?" Kisha akapaza sauti: "Dada Afaf, kaskazi yote hii waniandikia maji na hunipi?"

Nilimpa. Nilimpa gilasi mbili.

Sasa nisikilize, Abdulkadir. Wewe ni mkubwa wangu na nilikuwa nikikubusu mkono. Lakini wewe mwenye macho yako mawili, umesoma kitabu gani tangu Baba azikwe? Hukuja hata kuvipangusa vumbi. Wataka kuvipeleka kwa watu arubaini usiowajua, na hawa saba wanaonibishia hodi kwa fimbo zao katika jua hili, hao huwaoni. Hata barua zako siku hizi huziandiki. Nautambua mwandiko wa kuajiri. Umekuwa mkubwa kiasi cha kunisalimia kwa mkono wa karani?

Bwana Kingi akija atanikuta mlangoni. Ufunguo simpi.

Afaf


Malindi, Unguja
21 Mfunguo Tano 1328

Kwa wifi yangu mkali Afaf,

Barua hii ni yangu, na kakako hajui kama naiandika. Utazame mwandiko, kisha uzitazame zile mbili zilizotangulia. Huyo karani uliyemchukia ni mimi.

Kakako haoni, wifi. Jicho la kulia lilianza ukungu Ramadhani ya mwaka juzi, na la kushoto likalifuata polepole. Sasa anautambua mchana na usiku, na mtu akisimama dirishani aona giza lake, basi. Hati za matajiri anatunga yeye kwa mdomo, naandika mimi nyumbani, naye anaweka sahihi pale ninapomwekea kidole chake. Hajamwambia mtu. Kwa zaidi ya mwaka sasa watu wa mtaa waniambia mumeo ana kiburi, apita hasalimu.

Barua zako namsomea mimi. Ile ya kitambaa kitupu aliniambia nirudie pale Bi Mona alipokipindua. Nilirudia mara tatu. Nilidhani amelainika. Asubuhi yake akaniambia, andika kwamba sina la kuongeza.

Ya mwisho nilipoifikia pale, "wewe mwenye macho yako mawili", nilitaka kuuruka mstari. Yeye akajua, maana pumzi yangu ilikatika. Akasema, "Soma kama alivyoandika." Nikasoma. Akanyoosha mkono achukue kikombe chake cha kahawa, akakikosa, kikamwagika juu ya barua yako. Akaniuliza kama maneno yamefutika. Nikamwambia la. Akasema, "Vizuri."

Vitabu havipeleki mbali kwa kutovipenda. Alipokuja huko mwaka jana, kwenye hitima, aliingia chumbani peke yake, nawe ukadhani amekwenda kumlilia Baba. Alifungua kitabu kimoja baada ya kimoja, asione herufi. Aliniambia usiku ule melini kwamba hawezi kuishi akijua vipo, vinamngoja. Afadhali viwe kwa mtu asiyemjua.

Naye hataki ujue, kwa sababu wewe ndiye uliyemweka bado katika hesabu ya wasomaji. Kila barua yako inamwita msomaji, hata ukimtukana.

Usimtumie huruma, wifi. Huruma nimemjaribu nayo, aitupa dirishani. Mtumie kitu.

Wifiyo,
Intisar


Kibokoni, Mombasa
Mosi ya Mfunguo Sita 1328

Kwa wifi yangu Intisar,

Barua yako niliisomea jikoni nimesimama. Wali uliungua, na Amin akala ukoko asiulize kitu, Mungu amweke.

Sitakuandikia nilivyolia, huna faida nayo. Nitakuandikia nilichofanya.

Jana Bwana Kingi alikuja na mkokoteni na mahamali wawili. Nilikuwa nimesimama mlangoni na Akil begani, maneno yangu nimeyapanga tangu alfajiri. Sikuyahitaji. Musyoka alimsikia anahema, akamwambia, "Bwana, jua kali, kaa kwanza, baraza hii ina kivuli." Akakaa. Ndani Bi Mona alikuwa na kitambaa nilichomshonea kisa cha jogoo, amefika mstari wa sita, anasoma kwa vidole na kwa sauti, pole pole kama mtu anayevuka maji. Akifika mahali pagumu watu wote wanyamaza wamngojee. Bwana Kingi akauliza, "Ni nani huyo anayesoma?" Musyoka akasema, "Ni mtu asiyeona." Bwana Kingi akainama akachungulia dirishani, akamwona Bi Mona amefumba macho, kichwa amekielekeza juu.

Akakaa mpaka mwadhini wa alasiri. Kisha akasimama akawaambia mahamali wake wageuze mkokoteni. Mimi akaniambia, "Mwandikie kakako kwamba nilikuja nikakuta vitabu vyatumika. Sichukui kitu kinachotumika." Hamali mmoja akamuuliza, "Na mwisho wa jogoo, bwana?" Akamwambia, "Utakuja kesho umsikilize mwenyewe."

Wifi, ndani ya barua hii mna kitambaa. Ni neno moja. Nimelishona kwa uzi mnene kuliko wote nilioupata sokoni, na mafundo yote yako juu, hata Bi Mona amelipapasa akasema ni baya la kutosha. Usimsomee. Usimwambie limetoka kwa nani. Mtie mkononi, kisha utoke chumbani, ufunge mlango. Akikuita umsaidie, sema wapika. Akikasirika, mwache akasirike nalo. Akilitupa, liokote ulirudishe palepale.

Najua ni ukali. Mimi mtoto wangu anapojifunza kusimama namwachia mkono, moyo wangu ukipiga, nami nimekaa karibu.

Lile neno langu la macho mawili, sijui nilirudishe vipi. Kama liko neno la kumwambia, liko katika kitambaa.

Wifiyo,
Afaf


Malindi, Unguja
13 Mfunguo Sita 1328

Kwa mdogo wangu Afaf,

Mwandiko huu ni wa Intisar, nawe sasa wajua ni kwa nini. Maneno ni yangu, na nimemkataza asiyapambe.

Siku ya kwanza nilikitupa kitambaa chako. Nilimwita mke wangu, akasema apika. Kutwa nzima alikuwa apika, na chakula cha jioni kilikuwa mkate mkavu na ndizi. Nilijua mmenipangia.

Siku ya pili nilikichukua. Nikapapasa nikapata vilima na mashimo, kama ukuta uliobanduka chokaa. Nikakasirika mpaka machozi. Mimi niliyenakili hati za Kiarabu tangu nina miaka kumi na sita, nashindwa na kitambaa cha mshona kofia! Nilikipindua, nikakigeuza juu chini. Kisha nikakumbuka Bi Mona alivyomwambia yule Mkamba ashuke tumboni. Nikaacha kukimbiza kidole. Nikashuka. Nikapata nukta mbili, pamoja, chini, ndizo za ye. Nikaziacha hapo nikaenda kusali.

Siku ya tatu nikapata nukta nyingine, tatu, za pe, zimekaa pembe tatu. Mtu mmoja tu nimemwona akiweka nukta zake tatu namna ile, mbili juu na moja chini yake, imevutwa kidogo kushoto. Ukamwiga hata hapo, Afaf. Kidole kilipofika kwenye wau, sikuhitaji kumaliza. Nikaisikia sauti yake toka ndani ya chumba, kabla mtu hajataja kitabu.

Kipo.

Nimekaa nacho kutwa, nalisoma, narudia. Kitabu cha neno moja, na sijachoka nacho.

Neno langu, kwamba asiye na macho hana haja na kitabu, nililisema juu ya nafsi yangu nikalielekeza kwa Bi Mona. Usimwombe radhi kwa niaba yangu. Nitamwomba mwenyewe. Na lako la macho mawili sikulisamehe kwa kuwa hakuna la kusamehe. Nilipokuwa nayo nilisoma hati za matajiri na barua za mizigo. Visa vya Baba sikuvigusa. Nilijiambia vipo, vitaningoja.

Matajiri nimewaambia. Wawili wameniaga. Wa tatu amesema mwandiko wa Intisar ni safi kuliko wangu wa zamani, tuendelee.

Twaja na meli ya mwisho wa mwezi huu. Usije bandarini na watoto katika jua. Intisar atanishika mkono mpaka Ngome, kutoka hapo miguu yangu yaijua njia. Nataka nafasi barazani, karibu na Musyoka, na maji ya kunywa yawepo yasiwe ya kushonwa tu. Fundo moja la nukta zako lilikuwa limelegea. Nimelikaza mwenyewe, kwa meno.

Nitabisha hodi kama anavyobisha msomaji mwingine yeyote. Usitoke mbio, usinishike mkono, usilie mlangoni. Ningoje nianze kutaja ninachokitaka, na kabla sijamaliza, nijibu kwa sauti, toka ndani, kama alivyokuwa akijibu Baba.

Nduguyo, na sahihi hii nimeiweka bila kuwekewa kidole,
Abdulkadir